EPR, N1 na zile geji nyingine: nguvu ya injini ya jeti inasomwaje?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa akifanya kazi uwanja wa ndege Dar es Salaam. Kwenye albamu yake nimekuta picha ya chumba cha marubani cha Boeing 737-200, zile za zamani za Air Tanzania. Katikati kuna geji kumi, safu mbili za tano tano, moja kwa kila injini. Ipi kati ya hizo inaonyesha nguvu ya injini? Na mbona ile ya juu kabisa, iliyoandikwa EPR, mshale wake uko kwenye 1 wakati N1 na N2 ziko sifuri? Injini iliyozimwa inakuwaje na 1? Halafu rafiki yangu aliwahi kukaa nyuma ya marubani kwenye 737-300, anaapa aliona N1 imefika asilimia 101 ndege ikiruka. Injini inazidije mia?

JIBU: Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo alikuwa na jicho, maana wengi wakiingia humo hupiga picha usukani.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi ambalo huenda lisikufurahishe. Geji inayopima nguvu ya injini haimo kwenye picha hiyo. Zitazame zote kumi, hutaikuta. Kinachoisukuma ndege ya jeti ni msukumo, na msukumo hupimwa kwa pauni au kwa nyutoni. Injini za 737-200, zinazoitwa JT8D, zilitoka kiwandani Pratt & Whitney zikiwa na msukumo wa pauni 14,000 hadi 16,000 kutegemea toleo. Lakini hakuna mshale unaomwambia rubani kwamba sasa hivi ana pauni 14,500. Alichonacho ni mashahidi. Mmoja anasimulia habari za shinikizo, mwingine mizunguko, mwingine joto, mwingine mafuta, na rubani anakisia msukumo kutokana na maneno yao.

Kwa nini usipimwe moja kwa moja? Karakana ya majaribio inaupima kila siku. Injini inafungwa kwenye fremu, fremu inaegemea kipimo cha uzito, injini inawashwa, fundi anasoma pauni kama muuza samaki anavyosoma mizani. Lakini ukishaining'iniza chini ya bawa, mambo yanaharibika. Pale kwenye vifungio injini inavuta mbele, upepo unasukuma ganda lake nyuma, ndege inapanda na kuinama, na uzito wa injini wenyewe unavuta huku na huku. Mizani yako sasa inapima mchanganyiko wa mambo manne. Ndiyo maana wahandisi waliamua kutafuta kitu kinachopimika kirahisi ambacho kule karakanani kilionekana kupanda na kushuka pamoja na pauni.

Mwanzoni kitu hicho kilikuwa mizunguko. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa, Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, iliondoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe, kwa hiyo sisi wa huku tuliiona jeti mapema kuliko wengi. Injini zake za Ghost zilikuwa na shafti moja: kompresa moja ya kubana hewa, turbini moja inayosukumwa na hewa ya moto ili kuizungusha kompresa, vyote vinazunguka pamoja. Ukijua shafti inazunguka mara ngapi kwa dakika, na ukijua hali ya hewa, umekaribia kuujua msukumo.

Kisha zikaja injini za shafti mbili, kama zile za Boeing 707 zilizoanza kazi mwaka 1958. Humo kuna kompresa mbili, moja nyuma ya nyingine, kila moja na turbini yake, na shafti moja inapita ndani ya nyingine bila kufungwa nayo. Ya mbele, ya shinikizo la chini, mizunguko yake inaitwa N1. Ya nyuma, ya shinikizo la juu, ni N2. Kila moja inajitafutia mwendo wake. Injini mbili zilizotoka kiwandani wiki moja zinaweza kutoa msukumo uleule kwa N2 tofauti kidogo, na ndiyo maana Pratt & Whitney walikuwa wakigonga kwenye kibati cha kila injini mwendo wake yenyewe. Hapo mizunguko ikawa shahidi anayehitaji mkalimani, ndipo EPR ikapewa kiti cha mbele.

EPR ni uwiano wa shinikizo la injini. Kwenye JT8D kuna kichungulio mdomoni mwa injini kinachopima shinikizo la hewa inayoingia, tunaliita Pt2. Nyuma ya turbini ya mwisho, kabla hewa haijatoka kwenye nozeli, yaani tundu la nyuma, kuna vingine vinavyopima shinikizo la hewa inayotoka, Pt7. Vijipaipu vyembamba vinapeleka mashinikizo hayo mawili kwenye kisanduku kimoja, kisanduku kinagawanya Pt7 kwa Pt2, na jibu linapelekwa kwa umeme hadi kwenye geji. Mshale ukisema 2.05, maana yake hewa inatoka na shinikizo mara mbili na kidogo ya lile iliyoingia nalo. Basi. Haina kipimo nyuma yake, si pauni wala digrii wala asilimia.

Nadhani jibu la swali lako la pili umeshaanza kuliona. Injini ikiwa imezimwa, shinikizo la mbele na la nyuma ni lilelile la hewa ya uwanjani. Kitu ukikigawanya kwa chenyewe unapata moja. Kwa hiyo 1 ya EPR ndiyo sifuri yake. Tena ni 1 Dar, ni 1 Nairobi, ni 1 popote. Sisi mafundi tulikuwa tunaitumia kama kipimo cha bure: washa umeme wa ndege, injini zimelala, tazama EPR. Mshale ukikaa 1.06, kuna kitu kinadanganya.

Sasa nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea, hata wenye leseni.

EPR ni uwiano, na uwiano haujui uko wapi. Chukua 737-200 hiyohiyo, iweke Dar es Salaam usawa wa bahari, weka EPR 2.00. Kisha iweke uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, mita 1,624 juu ya bahari, weka 2.00 tena. Mishale iko sawa kabisa. Msukumo je? Nairobi shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Mara mbili ya kitu kidogo ni kidogo kuliko mara mbili ya kitu kikubwa. Kwa hiyo ndege ya Nairobi ina takriban asilimia 82 ya msukumo wa ile ya Dar, na geji haijapepesa jicho. Na kwa kuwa Nairobi asubuhi kuna baridi, jedwali linaweza hata kumruhusu rubani kuweka EPR kubwa kidogo kuliko ya Dar mchana, na bado msukumo ukawa pungufu. Ndiyo maana rubani hakuwa na namba moja ya EPR kichwani. Kila safari walifungua jedwali, wakaingia na joto la nje na kimo cha uwanja, wakatoka na namba ya siku hiyo. Kwenye picha yako ukiikuza utaona kila geji ya EPR ina kitufe cha kuzungusha, kidirisha chenye namba, na kialama ukingoni mwa duara. Namba ya jedwali inawekwa kwenye kidirisha, kialama kinasogea nayo, na wakati wa kuruka kazi ya rubani ni kusukuma throtoli, zile fimbo za kuongeza nguvu ya injini, mpaka mshale uguse kialama. Anazisukuma kwanza kidogo, EPR 1.4 hivi, anasubiri injini zote mbili zitulie, ndipo anamalizia. Hapo macho hayasomi namba tena.

Usilinganishe EPR ya ndege moja na ya nyingine pia. Kuna kijana aliwahi kuniambia 747 za zamani zilikuwa na injini dhaifu kwa sababu aliona EPR yake ni 1.4 na ushei wakati 737 ilikuwa 2. Ile ya 747 ina feni kubwa mbele, na sehemu kubwa ya msukumo wake inatokana na hewa ya feni inayopita pembeni bila kugusa moto. Hewa inayotoka katikati, inayopimwa na EPR, imeshachoshwa na kazi ya kuzungusha feni hilo.

EPR ni shahidi mzuri, lakini maisha yake yametundikwa kwenye vijipaipu viwili. Ukiharibu kimoja anasema uongo, na aina ya uongo inategemea ni kipi.

Nakumbuka ndege moja, ya kampuni ambayo siitaji, iliyoletwa na malalamiko kwamba injini ya kulia imechoka. Marubani waliandika kwamba ili EPR ya kulia ilingane na ya kushoto, ilibidi throtoli ya kulia iende mbele zaidi. Nilikuwa bado mdogo kazini. Msimamizi wa zamu akataka tuongeze mafuta kwenye kidhibiti cha injini hiyo, tumalize twende nyumbani. Mzee mmoja akauliza swali moja tu: EPR zikilingana, hizo nyingine zinasemaje? Tukafungua daftari. N1 ya kulia juu, N2 juu, joto juu, mafuta juu. Yaani injini iliyodaiwa kuchoka ilikuwa inazunguka kwa kasi zaidi, ina moto zaidi na inakula zaidi kuliko mwenzake. Mzee akachukua spana, akaenda nyuma ya injini, akakuta nati ya kijipaipu cha Pt7 imelegea. Shinikizo lilikuwa linavuja kabla ya kufika kwenye kisanduku, uwiano unaonekana mdogo, na marubani wakawa wanaikamua injini nzima kabisa ili kuufurahisha mshale mwongo. Tungeongeza mafuta siku ile tungeiunguza turbini.

Huo ni uongo wa Pt7, mshale unasoma chini kuliko ukweli. Unagharimu injini. Uongo wa Pt2 ni mbaya zaidi, kwa sababu mshale unasoma juu, na rubani anadhani ana msukumo ambao hana.

Tarehe 13 Januari 1982, Boeing 737-200 ya Air Florida, injini zilezile za JT8D, ilikuwa inaondoka Washington katikati ya theluji. Mfumo wa kuzuia barafu wa injini haukuwashwa. Barafu ikaziba kichungulio cha Pt2, na kisanduku kikawa kinapokea shinikizo pungufu kuliko la kweli. Gawanya kwa namba ndogo, jibu linakua. Marubani wakasukuma throtoli mpaka geji zikasoma 2.04, namba waliyoikusudia, wakaacha hapo. EPR ya kweli ilikuwa karibu 1.70. Ndege ilitumia kama sekunde 45 na futi 5,400 za njia ya kurukia, ambazo ni takriban sekunde 15 na futi 2,000 zaidi ya kawaida yake. Rubani msaidizi aliona jambo haliko sawa na alisema, zaidi ya mara moja. Nahodha akaendelea. Mabawa nayo yalikuwa na theluji. Ndege iliinuka, ikashindwa kupanda, ikagonga daraja la 14th Street na kuangukia mto Potomac. Walikufa 74 kati ya 79 waliokuwemo, na watu wanne waliokuwa kwenye magari darajani.

Kuna jambo katika uchunguzi ule ambalo mimi kama fundi silisahau. Kinasa data cha ndege ile kilikuwa cha kizamani, hakikurekodi injini. Wachunguzi wakachukua mkanda wa sauti za chumba cha marubani, wakachambua mvumo wa injini uliosikika nyuma ya mazungumzo, wakapata kasi ya mizunguko yake. Kutokana na mizunguko wakapata EPR ya kweli. Maana yake N1 ilikuwa inasema kweli wakati wote ule, kwenye geji inayofuata chini ya EPR, sentimita chache tu. Namba za N1 zilikuwa chini kuliko zinavyopaswa kuwa kwa 2.04. Na throtoli zilikuwa bado na nafasi ya kwenda mbele.

Kwa nini N1 haikudanganywa na barafu? Kwa sababu haitegemei hewa. Kwenye injini hizi za zamani, shafti inazungusha kijenereta kidogo, kijenereta kinatoa umeme ambao mapigo yake yanafuata mwendo wa shafti, na umeme huohuo ndio unaosogeza mshale. Hata umeme wa ndege ukikatika, geji za N1 na N2 zinaendelea kusoma maadamu injini inazunguka. Kifaa kinyenyekevu kabisa.

Lakini usije ukakimbilia kusema basi EPR itupwe. Umeshawahi kupanda Kitonga na lori ambalo klachi imekwisha? Injini inalia, geji ya mizunguko iko juu, gari linatambaa. N1 inahesabu mizunguko, haihesabu kazi iliyofanyika. Feni yenye mapanga yaliyolika, au iliyomeza ndege mnyama, inaweza kuzunguka vizuri huku ikisukuma hewa vibaya. EPR ingeliona hilo. Watengenezaji wa injini General Electric na wenzao wa CFM walichagua N1 iwe geji kuu. Pratt & Whitney na Rolls-Royce wakashika EPR, na mpaka leo kuna Airbus A320 zenye injini za V2500 zinazotumia EPR na kurudi kwenye N1 pale EPR inapokosekana. Mimi nimekulia kwenye Pratt kwa hiyo nina upendeleo, lakini ukinilazimisha nichague geji moja ya kuruka nayo kwenye mvua ya barafu, nitachukua N1 na sitaona haya.

Hapo tunamfikia rafiki yako wa 737-300. Hajadanganya. Ndege hiyo, iliyoanza kazi mwaka 1984, iliachana na JT8D ikachukua injini za CFM56, na geji yake kuu ni N1. Asilimia mia haina maana ya mwisho wa uwezo. Ni mwendo mmoja tu ambao watengenezaji waliuchagua wakati wa kubuni wakasema huu tuuite mia. Kwa CFM56-3 mia ni mizunguko 5,175 kwa dakika. Injini yenyewe inaruhusiwa kupita hapo. Kikomo chenyewe, ule mstari mwekundu, kiko kwenye 106. Asilimia 101 bado iko chini ya kikomo hicho.

Geji tatu zilizobaki nitazipita haraka. EGT, ya katikati, ni joto la hewa inayotoka. Wazee waliofundishwa na Waingereza kwenye Comet 4 za East African Airways waliiita JPT, yaani joto la bomba la jeti, ni jamaa wa damu. Haikuambii msukumo, inakuambia gharama yake. Injini mbili zenye EPR sawa na moja ina joto zaidi, hiyo yenye joto inazeeka. N2, inayofuata, umuhimu wake mkubwa ni wakati wa kuwasha: stata ya hewa inaizungusha mpaka asilimia 20 hivi, ndipo mafuta yanafunguliwa, na hapo macho yanahamia EGT kuona moto haupandi kupita kikomo. Ya chini kabisa ni mafuta kwa saa. Kwenye JT8D yenye pauni 14,500, wakati wa kuruka inapita pauni 8,000 kwa saa kwa kila injini, ndiyo maana ndege hizo zimebaki chache.

Na ule mpangilio wa safu mbili unaouona ni wa makusudi. Safu ya kushoto injini namba 1, ya kulia namba 2, kila geji imekaa sambamba na mwenzake. Rubani akitupa jicho hasomi chochote. Anaona jozi tano za mishale, na kama jozi moja imepishana, jicho linakamatwa hapo lenyewe. Kwenye 727, yenye injini tatu, ilikuwa rahisi zaidi kumjua mwongo, maana wawili wanamsuta mmoja.

Rudi kwenye picha yako na lenzi ya kukuzia. EPR mbili kwenye 1, N1 sifuri, N2 sifuri, mafuta sifuri. Sasa tazama EGT. Kama umeme ulikuwa umewashwa siku hiyo, haitakuwa sifuri. Itakuwa mahali fulani karibu na 30, na hilo ni joto la Dar es Salaam saa ile baba yako mdogo alipobonyeza kamera.